Theluji ya Kilimanjaro Niliyoileta Kariakoo

Mtu akiniona leo nimekaa mbele ya duka langu pale Msimbazi, tumbo mbele, kofia ya kiua kichwani, anadhani nilizaliwa na heshima hii, na mimi simkatazi, lakini ukweli ni kwamba kuna watu wazima mtaa huu ambao mpaka kesho hawaniiti Mzee Athumani, wananiita Bwana Kibua, na jina hilo nililipata mchana kweupe, mbele ya umati, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimeona haya miaka mingi. Sasa wajukuu wanaulizauliza, na wanaowajibu wanaongeza chumvi, basi bora niseme mwenyewe chumvi ilikuwa kiasi gani.

Mimi sikusoma. Niliingia darasani mwaka mmoja na nusu huko Nachingwea, nikajua kuandika jina langu, nikaona yanatosha (na yametosha, nina nyumba tatu). Nikapanda meli Lindi nikaja Dar es Salaam na shati moja, nikabeba magunia sokoni mpaka shingo ikawa kama ya ng'ombe, halafu nikapata ndoo mbili, glasi sita na randa ya seremala, nikaanza kuuza sharubati Kariakoo, kwenye baraza ya duka la kanga la Mama Shanta. Randa ilikuwa ya kuparuzia barafu, nyie wa friji hamjui hayo.

Mama Shanta alikuwa mjane wa Kihindu, mavazi meupe siku zote, amezaliwa hapo hapo mjini na Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Kwa dini yake hali nyama, hali samaki, hata yai haligusi, na chungu kilichopikiwa samaki hakivuki mlango wa jiko lake. Shikeni hilo, lina kazi mbele.

Enzi zile Mwingereza bado yupo, na watu walikuwa wakienda Mnazi Mmoja kusikiliza mikutano, wanarudi wana kiu na wanaizungumza nchi. Nchi yetu kubwa! Ina mlima wenye theluji! Ina ziwa halina mwisho! Na hao wanaosema, wengi wao mbali walikofika ni Buguruni kwa shangazi. Nikapata akili. Nikazipa sharubati zangu majina. Kilimanjaro ilikuwa glasi ya zafarani na barafu imerundikwa juu mpaka inamwagika. Ziwa Tanganyika niliitia kwenye glasi ndefu, kwa kuwa dereva mmoja aliniambia lile ziwa lina kina. Ngorongoro ilikuwa kwenye bakuli, barafu pembeni, katikati shimo, ndani ndimu ya kijani. Serengeti niliiuza kwenye kisahani, kwa sababu niliambiwa kule ni tambarare. Msicheke, iliuzika.

Jirani yangu wa baraza alikuwa Shomari muuza kahawa, Mzaramo wa Buguruni, mwembamba, mdomo kama wembe. Sasa pale pale penye duka la Mama Shanta palikuwa na chumba kitupu kinachotazama barabara (siku hizi mnaita fremu), na sisi wawili tulikitaka kama vichaa, kwa sababu mwenye chumba ana mlango, na mwenye mlango ni mfanyabiashara, asiye na mlango ni mchuuzi tu, mvua ikija anakimbia na ndoo zake. Mama Shanta, mwenye nyumba, alikuwa hajaamua ampe nani.

Siku moja watu wamejaa, Shomari akapaza sauti, "Athumani, hiyo Kilimanjaro unayouza, wewe umeiona?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Neno dogo, halina gharama. Lakini watu kumi na tano wamenitazama na Shomari anatabasamu, basi nikasema, "Nimefika mpaka juu."

"Juu juu?"

"Juu kabisa. Nimekaa nikala muhogo."

Watu wakaguna kwa heshima, Shomari akanywea, na mimi nikajiona mkubwa. Sikujua kwamba nyuma ya majora ya vitambaa Mama Shanta ameacha kupima kitambaa ananisikiliza.

Akaniita ndani. "Athumani, theluji umeishika kwa mkono?"

"Nimeishika, Mama."

"Ikoje?"

Nikamweleza. Nilieleza mpaka mate yakanikauka, nikasema ni laini kama pamba, inang'ata kama siafu, inanukia kama karafuu (sijui karafuu ilitoka wapi). Mama yule akaniambia kwamba marehemu mume wake kila mwaka alikuwa akisema, mwakani nitakupeleka ukaone theluji, na kila mwaka duka lina kazi, mpaka akafa. Halafu akasema, nusu kwa utani, "Mtu akiniletea hiyo theluji hapa niishike, chumba ni chake, simuulizi mwingine."

Mwenye akili angecheka na kuondoka. Mimi nikasema, "Jumamosi saa nne asubuhi, Mama. Shemeji yangu anateremka na lori kutoka Moshi, ataipakia kwenye unga wa mbao."

Shemeji mwenye lori sikuwa naye. Nilikuwa na shemeji mmoja tu, na yuko Lindi anashona viatu.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu Zaituni. "Baba Hadija, wewe Moshi umekwenda lini? Au ni ile siku uliyopotea Ilala?"

"Barafu ni barafu," nikamjibu. "Ya mlimani na ya kiwandani zote maji."

"Kama zote maji, kamwambie hivyo Mama wa watu."

Nikavaa viatu.

Barafu ya kiwandani sikuitaka kwa sababu kila mtu Kariakoo anaijua, magogo marefu yamenyooka, mtu akiona tu anajua imetoka wapi. Nikaenda pwani kwa rafiki yangu Lihumbo, wa kwetu Nachingwea, alikuwa anafanya kazi kwa tajiri mmoja wa samaki mwenye chumba cha baridi. Nikamwambia nigandishie debe moja la maji. Akasema hilo jepesi. Jumamosi alfajiri nikalichukua, nikalipindua debe, likatoka barafu zuri jeupe, ila ubavuni limeandikwa! Lile chapa la kampuni ya mafuta ya taa lililoko kwenye debe limejichora kwenye theluji ya Kilimanjaro, herufi kubwa, hata mimi nisiyesoma niliziona. Nikalikwangua kwa kisu nusu saa, nikaligongagonga lipate sura ya mlima, nikalifunika unga wa mbao na gunia, nikajisifu kwamba hakuna mtu mjanja kama mimi kutoka Ruvuma mpaka bahari.

Nilikwangua nje. Ndani sikutazama. Barafu jeupe halionyeshi la ndani.

Saa nne ile sijaona watu vile tangu nizaliwe. Waliotoka Msimbazi, waliotoka Mnazi Mmoja, wanawake na kanga zao, wapagazi wameacha mikokoteni njiani, na Shomari ameweka mabirika yake ya kahawa pembeni amesimama mbele kabisa, mikono kifuani. Nikafunua gunia. Moshi ule wa baridi ukapanda na jua likaligonga barafu likang'aa, umati mzima ukasema "Aaah!" kama umekanyagwa.

Mama Shanta akaja taratibu, akaweka viganja vyake viwili juu ya lile barafu, akafumba macho, midomo inatikisika haitoi sauti. Machozi yakamtoka. Niseme kweli, hapo nilitamani kulifunika tena lile gunia, lakini nikajiambia, chumba kwanza.

"Nataka kuionja," akasema. "Maji ya mlimani ni maji safi."

Nikachukua randa, nikaparuza, nikamtilia bakulini bila sharubati, kavu. Akala kijiko. Akala cha pili.

"Athumani, mbona ina chumvi?"

"Ni ya volkano hiyo, Mama," nikasema, kwa sauti ya mwenyeji. "Mlima ule chini una moto. Chumvi inapanda juu."

Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, moto upo. Nikanogewa. Nikaendelea kuparuza kwa madaha huku natazama watu badala ya mkono, nawaeleza tulivyopita mawinguni, tulivyokutana na chui, na randa inakwenda krr, krr, mpaka nikasikia kimya kimeanzia mbele kinarudi nyuma.

Shomari akasema polepole, "Athumani. Mlima wako una mkia."

Nikatazama. Katikati ya theluji ya Kilimanjaro umesimama mkia wa samaki.

Nikajaribu kuufunika kwa kiganja. Shomari akanishika mkono, akachukua kisu changu mwenyewe, akagonga mara mbili, barafu likapasuka, na kibua mzima, macho wazi, akateleza juu ya unga wa mbao akaenda kusimama miguuni kwa Mama Shanta.

"Huyu naye alipanda kula muhogo?" Shomari akauliza.

Jamani, Kariakoo ilicheka. Mpagazi mmoja alikaa chini katikati ya barabara. Mwanamke mmoja anapiga kelele, "Bwana Kibua! Niletee na changu wa Ngorongoro!" na mwingine, "Mie pweza wa Serengeti, kwenye kisahani!" na mimi nimesimama na randa mkononi kama mjinga. Lakini sikuwa nawatazama wao. Nilimtazama Mama Shanta, mkono mdomoni, macho kwenye kile kijiko. Akageuka, akapanda ngazi, na madirisha ya juu yakafungwa moja moja.

Duka halikufunguliwa siku mbili. Lihumbo nilimfuata, akaniapia kwamba debe alilijaza maji gizani na hakujua lina kibua na maji ya chumvi chini. Nikamwacha, kosa halikuwa lake. Siku ya tatu Zaituni aliniwekea kanzu safi kitandani, na mimi sikuuliza ni ya kwendea wapi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Anakunja kanga, hainui uso.

"Nimekuja kusema. Lile barafu lilitoka kwa wauza samaki."

"Hilo nimeliona, Athumani. Lilikuwa linanitazama."

"Na Kilimanjaro sijafika."

"Na Ngorongoro?"

"Sijafika."

"Serengeti je, ile ya kisahani?"

"Mama, mimi nimefika Lindi na nimefika hapa. Katikati nilikuwa natapika melini, sikuona kitu."

Akakunja kanga nyingine. "Samaki hanisumbui tena," akasema. "Nimeoga, nimefunga, nimesali, yamekwisha. Lakini pale niliposhika lile barafu nilisema na marehemu. Nilimwambia, nimeiona. Sasa umenifanya nimdanganye."

Mimi nimepigwa maishani, nimepigwa na wanyapara na mapolisi, hakuna kofi lililonifika kama lile.

"Chumba nimempa Shomari," akaendelea.

"Amestahili."

"Hajastahili, mdomo wake mchafu. Lakini akisema kahawa, ni kahawa. Na wewe utanipeleka Moshi. Mizigo yangu utabeba wewe."

Nikampeleka. Siku mbili kwenye basi, vumbi mpaka masikioni, yeye mbele na binti wa dada yake, mimi nyuma nimepakata kikapu cha masufuria yake, maana hali chakula cha sufuria ya mtu. Tukafikia kwa jamaa zake wenye duka, mimi nikalala barazani. Siku ya kwanza wingu. Ya pili wingu. Ya tatu wingu, watu wananionyesha kwa kidole, mlima ule pale, na mimi naona mbingu ya kijivu tu kama gunia. Ya nne basi letu linaondoka saa mbili, na alfajiri yake mimi nilikuwa nimelala fofofo, nimejifunika baridi ile mpaka kichwani, nikasikia kama naitwa, nikajigeuza upande wa pili.

Nilipoamka Mama Shanta alikuwa amesimama uani, shali mabegani, uso umelowa, anacheka peke yake. Nikatazama juu. Wingu.

"Nilikuita mara tatu," akasema.

"Umeuona, Mama?"

"Nimeuona wote."

"Ukoje?"

Akanitazama kutoka kofia mpaka kandambili. "Sikwambii. Nikikwambia utakwenda kuuza."

Na kweli hakuniambia, mpaka anahamia kwa mwanawe. Wengine wote Kariakoo aliwasimulia, Shomari alisimuliwa kwa kahawa ya bure, ila mimi nikikaribia baraza anabadilisha mazungumzo, na jicho lake linacheka.

Duka langu nilipata miaka baadaye, kwa jasho langu, hili hili la Msimbazi. Siku ya kufungua nilimwita mchoraji, nikamwambia andika kubwa, kila mtu aone: SHARUBATI BARIDI, BARAFU YA KIWANDANI. Sikutaka mlima wala ziwa. Kesho yake asubuhi nikakuta Shomari amepita na chaki, ameongeza chini: HAINA KIBUA. Nilichukua kitambaa nikafute, halafu nikakitupa begani, nikamwita mchoraji arudi ayapake rangi na yale maneno ya chaki. Yapo mpaka leo. Na mtu akiniuliza kama nimewahi kuiona Kilimanjaro namwambia hapana, nilikuwa nimelala.