Mawe Juu ya Swichi

Tangu vita vilipomchukua kaka yangu, mimi ndiye ninayetunza mashine zake za kompyuta hospitalini Masisi, na niliapa jina lake lisichafuke. Faili za wagonjwa zilipoanza kuchelewa kutoka kwenye hifadhi, fundi wa Goma alinipigia: "Papa, kati ya zile swichi mbili za kugawa mtandao, moja imelemewa. Zipange zote mbili zigawane sharje sawasawa."

Shule yangu ni ndogo, lakini kwetu sharje ni mzigo, nimeibeba tangu utoto. Nilizipima swichi kwa mizani ya viazi, nikaongeza mawe juu ya ile nyepesi hadi zikalingana.

Fundi alipofika alishangaa. "Papa, hii mawe iko ya nini?"

Nilitunisha kifua. "Hii njo sharje, kaka. Pima mwenyewe!"

Alicheka hadi akakaa chini. "Sharje njo faili zenye kupita mu nyaya! Lakini kupima, Papa, umepima."