Mashine Imepona

Yule mwandishi wa programu za simu tunayepakana naye meza, hapa ofisini Kisumu, hupuliza kibodi kabla ya kuigusa, kana kwamba ni chai moto. Zamani, kila akibadilisha kitu kidogo, kompyuta ilibidi iunde programu nzima upya, na sisi wengine tulishuka kwenda kununua mandazi. Yeye alimpigia simu mama yake, kule Maseno. “Mashine inasaga?” mama aliuliza kila mara, akimaanisha kompyuta, kisha yakafuata ya kuku, mahindi na kwaya ya kanisa. Yeye alisimama dirishani akisikiliza, akichora duara kwa kidole kwenye kioo.

Mwezi uliopita aliondoa kwenye programu mizigo yote isiyohitajika, akaielekeza kompyuta iunde upya kile tu kilichobadilika. Sasa inamaliza kabla hajainuka kitini. Tulimpigia makofi, wapumbavu sisi. Tangu hapo huchukua simu, hutazama skrini ya kompyuta, huirudisha simu mezani. Jana mama ndiye aliyepiga, na sauti yake ilitufikia sote.

“Baba, mashine yenu iliharibika? Siku hizi hunipigii.”

Kidole chake kilitafuta kioo, lakini alikuwa amekaa.

“Hapana, Mama,” akasema. “Imepona.”