Cherehani ya Saleha Ikinyamaza

Saleha anashona mabaibui mjini Tabora, peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake. Zamani, siku zake zikifika, tumbo lilimkata mpaka akaacha kushona. Jirani yake, Bi Ghadir, asiposikia cherehani, alikuja na chumvi iliyokaangwa na kufungwa kitambaani, akamkanda kiuno huku akimsema.

“Utaumwa peke yako mpaka lini, mwanangu?”

Maneno hayo yalimkera Saleha kuliko maumivu yenyewe.

Mwaka huu akanunua kimashine cha betri. Anabandika vibandiko vyake viwili chini ya kitovu, umeme mdogo unamtekenya, na maumivu yanapungua bila kidonge. Anashona mwezi mzima bila kupumzika. Bi Ghadir anasikia cherehani inakwenda, anaendelea na shughuli zake.

Jana tumbo lilianza kumuuma. Saleha alikitoa kimashine, akakitazama, kisha akakirudisha kabatini. Akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akaenda kufungua komeo la mlango, akajilaza kusubiri.