Baba alivyompa Mama nusu ya dawa zake za brucella

Wakuu, hamjambo. Kisa hiki ni cha wazazi wangu na sijakitia chumvi. Wenyewe wameshapumzika, kwa hivyo hakuna wa kunigombeza.

Ilikuwa miaka ya themanini, enzi za maziwa ya Nyayo ya bure shuleni. Nilikuwa karani kwa duka la hardware Eldoret mjini. Wazazi walikaa Kaptagat, Baba akikamua ng'ombe kwenye shamba la maziwa.

Mzee alipenda maziwa yakiwa bado na povu na joto la ng'ombe. Ukimwambia achemshe, anakuangalia kama umemtukana.

Ikaja homa. Jioni inapanda, asubuhi imeshuka, jasho linalowesha shuka, mgongo unauma. Tulitibu malaria mpaka tukachoka. Nikamleta kliniki mjini, damu ikapelekwa lab. Brucella, ugonjwa wa maziwa mabichi.

Akaandikiwa dawa mbili za kwenda pamoja: sindano za streptomycin kila siku, na tetracycline, zile za rangi mbili, za kumeza zaidi ya mwezi. Akarudi Kaptagat, akawa anachomwa kwa dispensary ya karibu.

Akapata nafuu. Nikashukuru Mungu.

Sindano zilipoisha, homa ikarudi na hasira. Nilimkuta hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa. Baba yangu, mtu wa kubeba mikebe ya maziwa huku anapiga mluzi! Nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Tukarudi kliniki sote watatu. Daktari, kijana mpole, akauliza, "Mzee, zile dawa za kumeza unameza vizuri?"

Baba akaangalia dirisha.

"Zile za rangi mbili?" Mama akadakia. "Si ni zangu? Daktari, si ni wewe uliniletea za magoti? Zilinisaidia kidogo, lakini jasho imerudi."

Mimi nikamgeukia Mzee. Ukweli ukatoka.

Alikuwa ameona Mama naye anatoka jasho, magoti yanamuuma, na anaficha asitusumbue. Akaamua wagawane. Kwa vile sindano haigawanyiki, akampa za kumeza zote, akadanganya zimetumwa na daktari. Na Mama alikuwa ametamba kanisa zima eti daktari wa Eldoret anamjali!

"Mimi nilijua sindano ndio dawa," Baba akasema. "Hizo zingine ni za kusindikiza tu."

Msimcheke sana. Hata leo kuna watu wakitoka hospitali bila kuchomwa wanaona hawajatibiwa.

Daktari hakumgombeza. "Mzee, hii bakteria inajificha ndani kabisa ya mwili. Dawa moja inaipunguza, haimalizi. Ndio maana tunaweka mbili, zisaidiane. Sasa nyinyi wawili mmetibiwa nusu nusu."

Damu ya Mama ikapimwa. Naye alikuwa nayo.

Mama akamfokea Mzee pale pale, akimwita kwa jina langu. "Baba Nekesa, ungekufa, hii magoti ikipona ningetembea nayo kwenda kwa nani?" Anafoka, na huku anamfunga vifungo vya koti, maana Mzee hakuwa na nguvu za kuvifunga. Niliwapenda siku hiyo kuliko siku yoyote.

Wakaanza upya, kila mtu na dose yake kamili, wakikaa kwangu mjini. Kwa sindano Baba alitangulia, ili Mama aone hakuna maneno. Kwa za kumeza, Mama alimsimamia. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mzee ambaye hakuamriwa na mtu alifungua, akainua. Alikuja kurudi kukamua, mluzi na yote.

Wakuu, daktari akikupa dawa mbili, usijichagulie moja. Na maziwa chemsheni, jamani. Kama kwenu pia kuna mtu aliwahi kugawa dawa kwa huruma, leteni hapa tusome.

Na ukimwona mwenzako anaficha ugonjwa, mshike mkono mwende akapimwe. Usimpe dose yako. Anakutaka ukiwa mzima.