Unyayo Chini ya Beseni la Mama

Harufu ya tairi linalochongwa juani inanitia hasira. Fundi wa sokoni Kashaulili anayechonga katambuga, viatu vya tairi, hajanikosea lolote. Ananiita shangazi, na kila nikipita ananikaribisha. Lakini kisu chake kikishaanza kukwaruza ule mpira mweusi na harufu ikapanda, nakunja sura na kuongeza mwendo, na moyoni nimesharudi Ilembo, mtoto wa darasa la tatu anayemuuliza bibi yake kwa nini leo hakuna mtu anayetusalimia.

Juzi nilikuwa hapo hapo gari la matangazo lilipopita. Kila kaya itoe mtu wa kujitolea, lilisema, tuwasaidie polisi wetu, ulinzi ni wa kila mmoja. Watu walipiga makofi. Mimi nilisonya, mama mmoja muuza dagaa akanigeukia kama nimetukana. Ngoja niwaambie nyie, halafu mseme kama nilikosea.

Sisi ni Wasukuma tuliohamia Mpanda na ng'ombe, na sungusungu tulikuja nao kama tulivyokuja na majembe. Polisi walikuwa wachache na mbali, kwa hiyo wanaume wa kwetu walilinda wenyewe, na wakimkamata mtu walimpeleka kituoni. Sitawadanganya, walifanya kazi. Tulilala mlango umeegeshwa tu. Kamanda wao, Mzee Ngusa, alikuwa mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, na mimi nilidhani hata rais akija Mpanda lazima aanzie kwake kuomba ruhusa.

Mjomba wangu Shija, mdogo wake mama, alikaa nasi. Mtu wa utani, mvivu wa kila kitu isipokuwa jembe. Zamu za doria alizikwepa. Alisema hawezi kulima mchana kutwa halafu usiku akahesabu nyota. Watu walicheka. Mzee Ngusa hakucheka.

Asubuhi moja maksai wa Mzee Ngusa hawakuwemo zizini. Filimbi ililia, wanaume wakakusanyika, na kwenye udongo laini wa mlango wa zizi wakaona unyayo mmoja safi wa katambuga, wenye mistari ya tairi iliyopindapinda. Kwetu unyayo wa mwizi hufunikwa, kuku wasiuchakure wala upepo usiufute, mpaka ukaguzi uishe. Nyumba ya karibu ilikuwa yetu. Mama alitoa beseni lake la bluu, lile la kuoshea mchele, akanipa nilipeleke mbio. Nilijivuna jamani! Nilipita kwenye kundi la wale wanaume kifua mbele, na beseni letu likafunika ushahidi.

Kisha vijana na wazee wa mtaa wakaitwa mmoja mmoja, kila mtu akanyage kando ya ule unyayo. Wengi walikuja na yeboyebo zao za plastiki. Mjomba alipokanyaga, mistari ikafanana.

"Huyu hapa," Mzee Ngusa akasema. "Ndiyo maana doria hataki."

"Kamanda, hizi nimenunua sokoni kama nyie mnavyonunua," mjomba akajibu, bado anatabasamu, akidhani ni jambo la kuelezana. Kofi alilopigwa lilimkalisha chini, na damu ikamtoka sikioni.

Hapa nisikilizeni vizuri. Waliokanyagishwa walikuwa wale wasio walinzi. Walinzi wenyewe walisimama pembeni na fimbo zao, wakitazama. Hakuna aliyewaza kwamba mlinzi naye ana miguu.

Wakamfunga kamba, wakampakia kwenye pikipiki hadi kituoni. Askari aliyempokea hakuja hata kuuona huo unyayo. Mama alipokwenda kumwombea ndugu yake asikilizwe, aliambiwa arudi nyumbani, raia wema wameshafanya uchunguzi. Uchunguzi! Beseni la mchele na kofi!

Na sisi tukatengwa. Kutengwa kwa sungusungu si kununiwa. Hupewi moto wala chumvi. Mashineni hawakusagii mahindi. Bombani ukifika, wenzako wanachukua ndoo zao na kusimama mbali mpaka uondoke. Mwangaluka, ile salamu yetu ya asubuhi, hupewi, na anayekupa naye anatengwa. Rafiki yangu Kabula alinipita njiani akitazama juu ya miti kama anatafuta ndege. Bibi, mama yake mama, hakukubali. Kila asubuhi alisimama uani na kumsalimia kila apitaye kwa sauti kubwa, halafu akajijibu mwenyewe kwa sauti ya huyo mtu. Tulikuwa tunacheka, kisha tunaingia ndani tunalia.

Kanisani tu ndiko walikoshindwa kutuzuia. Jumapili tulikaa benchi la mwisho peke yetu. Mbele, walinzi walikuwa wamejaza safu nzima, Mzee Ngusa katikati. Wakati wa kupiga magoti ulipofika, wakapiga magoti kwa heshima kubwa, na soli zao zote zikatugeukia sisi.

Nikaziona. Mistari iliyopindapinda, ile ile, kuanzia mwanzo wa safu mpaka ukutani. Wao na mjomba walinunua kwa fundi mmoja, na huyo fundi alikuwa amechonga matairi ya lori moja bovu. Nikamvuta bibi kitenge. "Bibi, viatu vya mjomba viko vingi kule mbele."

Bibi alitazama, akafanya ishara ya msalaba, akasubiri ibada iishe. Kisha akatangulia kutoka na kusimama mlangoni.

"Ngusa, inua mguu."

"Mayu, mama yangu, hapa ni kanisani."

"Ndiyo maana nakuambia hapa. Inua. Na nyie wengine, inueni."

Bibi alikuwa na umri wa kumzaa, na watu wote walikuwa wanatazama. Ngusa akainua mguu kama ng'ombe anayekaguliwa kwato. Wengine nao wakainua. Mwanamke mmoja alicheka kidogo, akaziba mdomo kwa kanga.

Mjomba aliachiwa, akarudi amevimba uso. Maksai hawakuonekana, na mwizi hajulikani mpaka leo. Siku iliyofuata sungusungu walijaa uani kwetu. Mbuzi akachinjwa, nyama ikajaa beseni la bluu, Kabula akaja tukacheza mpaka tukachoka. Nilikula mpaka tumbo likauma. Niliona wamekuja kutuomba radhi kwa nyama, nikawasamehe wote. Mama hakugusa hata mchuzi.

Nilikuwa mtu mzima, tunachambua mchele mimi na yeye, nilipomwambia kwamba angalau wale watu walituletea mbuzi. Mama akaweka ungo chini.

"Walituletea? Yule mbuzi alikuwa wa bibi yako."

Kumbe nyumba ikishatengwa hairudi bure. Lazima itoe mnyama aliwe na watu, ndipo isalimiwe tena. Kama ilitengwa kwa haki au kwa upumbavu wao, kwao ilikuwa mamoja. Walimtia mjomba ukiziwi wa sikio moja, wakamweka mahabusu, wakatunyima chumvi, halafu wakaja kula mbuzi wetu ili watupe mwangaluka. Na mimi nikawapelekea maji ya kunawa! Mjomba alihamia Mpimbwe kulima mpunga. Nikienda kumtembelea nakaa upande wake wa kulia, ndiko anakosikia.

Jana mwenyekiti wa mtaa, kijana mstaarabu, alinifuata nyumbani Shanwe. "Dada, kwenu tumwandike nani?"

Nikamwambia aniandike mimi. Wezi wapo, polisi hawatoshi, nayajua hayo. "Ila kwanza nijibu. Mkimkosea mtu, mbuzi atatoka zizi la nani?"

"Mbuzi gani tena, dada?"

Nikamsogezea kiti, nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyie. Nilipomaliza aliinama, akageuza mguu wake taratibu, akatazama chini ya kiatu.