Kofia Iliyojikunja Ukingo

Zamani, mtoto wa shule akipita Mhunze na sweta lililomkaa sawasawa, watu walijua limetoka kwa Mbuke. Alifuma kwa sindano mbili huku akipiga soga na kuwafukuza kuku kwenye mtama, uzi wenyewe hautazami. Halafu asubuhi moja kiharusi kikamwangusha kando ya kisima. Mguu ulirudi, maneno yakarudi. Mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kama wa mtu mwingine.

Wifi yake Paskazia, dada wa marehemu mumewe, akahamia kumuuguza. Alikuwa mwema mno. Alimkatia nyama kwenye sahani, akamfunga kilemba, hata salamu za wageni akamjibia. "Anaendelea vizuri," alisema, na Mbuke yuko hapo hapo anasikia.

Ndipo Suzana, binti wa Mbuke, muuza mitumba wa Kagongwa, akaja na duara la plastiki alilolikuta ndani ya belo la nguo. Lilikuwa na vijiti vilivyosimama kuzunguka ukingo, pamoja na ndoano ndogo. Namna ya kulitumia alikuwa ameitazama kwenye simu.

"Mama, libane magotini. Zungusha uzi kwenye kila kijiti mpaka umalize duara. Zungusha tena, uzi wa pili ukae juu ya wa kwanza. Kisha uinue ule wa chini kwa ndoano, uuvushe kichwa cha kijiti, uuachie upande wa ndani. Hiyo ni safu moja."

"Mchezo wa watoto huu," Mbuke akasema.

"Wewe jaribu tu, mama."

Akajaribu. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Mara uzi unachomoka, mara ndoano inaangukia chini ya kigoda. Suzana alirudi Kagongwa, Mbuke akaendelea kuhangaika peke yake, na mwishowe kofia ikatoka. Alipoivua kwenye vijiti, ukingo wake ukajikunja kuelekea juu kama jani lililokosa maji. Akaunyoosha, ukajikunja tena.

Hakuhitaji kuambiwa sababu. Mshono wa mbele, huu aliofundishwa na Suzana, ukifumwa peke yake hujikunja, sharti uchanganywe na mshono wa nyuma. Kwa sindano angeufuma akiwa amefumba macho. Kwenye duara hili, uzi ulitakiwa ukae chini ya kitanzi, ndoano iingie kutoka juu, iuvute uzi upitie ndani ya kitanzi, kile cha zamani kitolewe, kipya kivishwe kijitini. Na muda wote huo uzi uwe umekazwa kwa mkono mwingine. Mkono gani?

Akaukaza kwa meno, shingo ikamuuma. Akaukalia, ukakatika. Akalitupa duara uani.

Siku hiyo hiyo akasikia vigelegele. Paskazia alikuwa ameichukua ile kofia na kuwaonyesha akina mama waliotoka kwenye sala za jumuiya. "Oneni! Mgonjwa wetu amefuma mwenyewe!" Wakampigia makofi, na mmoja wao akamvisha mwanawe aliyembeba mgongoni.

"Nipe kofia yangu," Mbuke akasema.

"Wifi, si imempendeza mtoto?"

"Imeharibika. Mimi sitoi kazi iliyoharibika. Nipe!"

Mama wa mtoto akaivua kwa aibu, na wenzake wakaaga mmoja mmoja. Paskazia alibaki amesimama, machozi yakimlengalenga. "Nakuogesha, nakulisha, nakusifia, na bado unanifokea mbele za watu?"

"Usinisifie kama mtoto aliyejifunza kunawa!"

Chakula kikaletwa. Nyama siku hiyo haikukatwa. Mbuke aliing'ata kwenye mfupa, mchuzi ukamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Kesho yake akaifumua kofia yote. Akaliokota duara, akavua kandambili, akaupitisha uzi kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata. Akikaza kidole, uzi unakazika, akikilegeza, unakuja. Vitanzi vilimponyoka, akatukana kwa Kisukuma, akarudia. Safu moja ya nyuma ilimla asubuhi nzima, na mguu ukashikwa na ganzi. Juu yake akafuma safu ya mbele, kisha ya nyuma tena.

Paskazia alipita na ndoo, akajifanya haoni. Aliporudi akasimama. Akainama, akaubinya ukingo kwa vidole.

"Hapa umelegeza," akasema kwa ukavu. "Kitanzi kimoja kikubwa kuliko wenzake."

Mbuke akatazama. Kweli, kilikuwa kimelegea.

"Nimekiona," akasema, ingawa hakuwa amekiona. Akasonya, akashika ndoano, akaanza kufumua mpaka pale palipoharibika. Paskazia akavuta kigoda, akaketi kando yake akichambua mchele. Mkono wake hakuunyoosha kusaidia.