Pale Mkono wa Mama Usipofika

Ukoo wetu una mabingwa wengi wa ngozi. Hakuna hata mmoja aliyesomea, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu. Mama alipotokwa na malengelenge mwili mzima, hospitali walimpa vidonge na onyo: asiviache, akiviacha ugonjwa utarudi kwa kishindo. Malengelenge yakaanza kukauka. Muwasho tu ndio uliobaki.

Mimi, bingwa wa mabingwa, nikaacha karasha langu la kusaga mawe ya dhahabu huko Masumbwe, nikamletea tyubu ya krimu ya kuzuia muwasho nyumbani kwake Nyahanga. "Hii wachimbaji wote wanapaka," nilimwambia, utadhani wachimbaji ni jopo la madaktari. Akapaka. Siku ya tatu ngozi ikawa nyekundu, ikavimba, ikachuruzika maji. Tukafanyaje? Tukaongeza krimu, bila shaka! Nikaleta tyubu mbili nyingine.

Ukoo ukakaa kikao na kutoa hukumu: vidonge ndivyo vinavyomuua, aviache. Nilikuwa wa kwanza kuunga mkono, tena kwa sauti. Mama, ambaye hapendi kubishana, akasema ataviacha daktari akimwambia. Alhamdulillahi.

Nikampeleka tena hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba kwa majivuno. Alipomfunua mama mgongo nikageukia ukutani kwa adabu.

"Geuka uone, baba," akasema.

Kati ya mabega palikuwa safi, makovu makavu tu. Kwingine kote ni nyama mbichi.

"Nani anakupaka krimu, mama?"

"Najipaka mwenyewe. Huyu ni mwanamume, atanipakaje mgongoni?"

"Na hapa kati mkono haufiki."

"Haufiki, mwanangu."

"Basi ni krimu. Ngozi yako imeikataa. Ingekuwa vidonge, na hapa pangeungua. Krimu tupa, vidonge usiviache hata siku moja."

Kumbe sehemu pekee iliyopona ni ile ambayo msaada wangu haukuifikia. Hongera kwangu.

"Nani aliileta?" daktari akauliza.

Nikaangalia viatu vyangu. Mama hakupepesa macho.

"Wageni tu, mwanangu. Si unajua watu wakija kumjulia hali mgonjwa."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nje nikamshika mkono nimsaidie kushuka ngazi. Akautoa taratibu.

"Usinishike hapo, baba. Bado panauma."